Mke Mwenzangu Ndani ya Treni

Jumapili, 12 Januari. Makka.

Sanduku halifungi. Nimelikalia, halifungi. Bi Rukia, tunayelala naye chumba kimoja, kaja kulikalia pia, ndipo likakubali. Hukoroma, lakini uzito anao.

Twalib kapiga simu. Ndege yetu yatua Nairobi, haifiki Mombasa. Na yeye hatakuja kunipokea. Ni fundi wa lifti huko Nairobi, wiki hii hana ruhusa. Mjukuu mmoja ninaye, na kwake lifti zina thamani kumshinda bibi yake. Atakuja mchumba wake, Aziza, anipokee uwanjani, tupande treni pamoja hadi Mombasa, kisha anifikishe Malindi. Eti tuzoeane. Msichana wa Mumias, bara kabisa. Sijamtia machoni.

Wataka kuoana kabla ya Ramadhani. Mimi sijatoa neno. Na huyo Aziza kamwambia wazi kwamba nikikataa, haolewi. Hataki kuingia nyumba ambayo mkubwa wake kanuna.

Basi neno liko kwangu. Na likae.

Twalib nimemlea tangu ana miezi minne, mamake alipofariki. Nina wivu. Naandika hivyo hivyo.

Jumanne, 14 Januari. Nairobi, stesheni.

Baridi. Watu wamevaa makoti kama wagonjwa.

Aziza alikuwa mlangoni na karatasi kubwa: BIBI YAKE TWALIB. Uwanja mzima ulisoma. Mrefu. Buibui kavaa, chini raba za kukimbilia. Salamu kaitoa kamili, hapo sina la kusema. Kisha kanishika mkono akautikisa kama wanaume wa barazani.

Kaniita shosho. Ndivyo waitavyo bibi huko Nairobi. Nimemwambia shosho ni jina la mbuzi.

"Hii vitu yote ni yako?"

"Vitu hivi."

"Hivi vitu zote?"

"Vyote."

"Vyote," akasema, akabeba. Vyote, mara moja, pamoja na dumu la Zamzam. Nguvu anazo. Lugha hana.

Teksi ikatuleta stesheni. Hapa mizigo hupangwa chini mstari, watu wasimame kando, mbwa apite anuse. Mbwa. Mimi natoka Makka. Nimemwambia askari, baba, mzigo wangu una maji ya Zamzam, mpitishe mnyama wako mbali. Kasema mama, hapa hata waziri hunuswa.

Yule mbwa kapita masanduku ya watu hata hayatazami. Kufika kwa kikapu changu, akakaa kitako. Kumbe mbwa huyo akikaa kitako pana jambo. Askari wawili wakaja mbio. Mstari wote wanitazama mimi, haramia.

Wakafungua. Kuku.

Kuku wa kwenye ndege. Sikuwa na njaa nilipopewa, nikamfunga kwa karatasi. Nauli nililipa, kuku ni wangu. Askari wakacheka mpaka kamba ikawaponyoka, na mbwa akaliramba dumu langu la Zamzam, mkono na kifuniko.

Nikakaa juu ya sanduku. Kutazama, Aziza hayuko. Nikasema kakimbia, afadhali. Mara namwona arudi na chupa ya maji na gazeti limejaa udongo. Kauchimba kwenye maua ya stesheni. Mtunza bustani yuko nyuma yake amkemea. Kalikosha dumu mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama ilivyo sheria ya chombo kilichorambwa na mbwa, bila kuuliza mtu. Buibui tope tupu.

Sikumshukuru. Angevimba kichwa.

Jumanne hiyo hiyo. Ndani ya treni.

Viti vyatazamana. Magoti yako yamo katika magoti ya watu. Mbele yetu kakaa mama mmoja mnene na mumewe, wa huko huko bara, waenda Mombasa kwa mkutano wa kanisa. Mume kalala kabla treni haijaondoka. Mama kanipa ndizi. Mtu mwema. Akaniuliza huyu msichana ni binti yangu?

Nikamwambia huyu ni mke mwenzangu.

Nilisema kama nisemavyo kwetu. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake tangu yumo kwenye winda, utani tu, na atakayemwoa ni mke mwenza. Hata paka wa Shella, mtaani kwetu Malindi, wajua hivyo. Yule mama hajui. Ndizi ilimkwama.

Hapo ningemweleza. Sikumweleza. Nilitaka kumwona Aziza. Mke wa Twalib atakaa nami nyumba moja kila likizo, na mimi ulimi ninao. Akilia kwa hili, neno langu ni hapana.

Nikakoleza. Nikasema mume wangu nimempikia miaka ishirini na sita, nimemwogesha, nimemfulia, leo kamwona huyu Nairobi na mimi sikuulizwa.

Yule mama akawaka. "Na wewe binti, msichana mzuri hivi, huoni aibu? Mume wa mzee wa watu?" Mumewe akaamka, akauliza tumefika? Viti vya jirani vikageuka. Mama akanishika mikono yote miwili ili aniombee.

Aziza katazama nje tu, kwenye ndovu wa mbugani. Nikaona bega latikisika. Nikasema haya, chozi hilo laja. Nikajuta, kidogo.

Kumbe acheka.

"Mama, usinilaumu," kamwambia taratibu. "Mume wetu anapenda nyama ya kuchoma, na huyu mkubwa wangu hana meno. Yeye mwenyewe ndiye aliyenitafuta, nije nimsaidie kutafuna."

Nikamwambia meno ninayo manne.

"Manne," akasema, "na mawili hayajawahi kuonana."

Manne, mawili, hayajawahi. Hakukosea hata moja.

Nilicheka mpaka mtandio ukanivuka. Yule mama akatuona sote wawili hatuna haya. Kamvuta mumewe wakahamia viti vya nyuma. Tuliposhuka kaja kunipa ndizi zilizobaki, kaniambia nivumilie. Aziza hakupewa hata moja. Nimemmegea yangu.

Jumatano, 15 Januari. Shella.

Nyumbani. Majirani tele. Aziza awagawia Zamzam kwa vikombe vya kahawa. Wote waniuliza kwa macho, ndiye? Natazama dari.

Kapika wali. Umeshikana. Nimemwambia. Kasema kesho atapika mwingine ushikane zaidi.

Neno langu hajaliuliza. Hilo laniudhi. Angeuliza, ningekataa kwanza kidogo.

Alhamisi, 16 Januari.

Bado hajauliza. Twalib naye kapiga simu mara nne, kila mara auliza habari za mguu wangu. Mguu wangu mzima. Wote wawili waniogopa, na mimi sioni tena raha yake.

Usiku sikulala vyema. Niliwaza nikisema hapana, itakuwaje. Atatii, namjua. Atakuja Idi, atakaa pale kwenye mkeka, atakula chakula changu, na hatanitania tena.

Ijumaa, 17 Januari.

Aziza kaondoka asubuhi, kazini kwamngoja. Nyumba kimya. Vikombe kaviosha vyote kavifunika.

Baada ya sala nimempigia Twalib. Nimemwambia, mume wangu, nataka talaka yangu, mke mwenzangu apate nafasi.

Akasema, "Bibi, moja au tatu?"

Nimemwambia moja. Moja mtu huweza kurejewa.

Kisha nikatoka kuanua nguo.