Baba Ataka Harusi Ingojee Mlango wa Gari

Mpendwa Mama Emmy, naomba msaada, na kabla sijaanza naomba usinicheke, maana hapa mtaani Section 58 nimeshachekwa na watu wa kutosha, hata wale wanaokuja kwangu kununua misumari ya robo kilo.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, nina mke anayeitwa Rahab na duka la vifaa vya ujenzi kule Bondeni, ambako nimechanganya na kuuza rangi za nyumba kwa miaka kumi na tisa, kwa hivyo nikisema kitu kuhusu rangi tafadhali niamini. Maisha yangu yote nimeendesha magari yaliyochokwa na watu wengine, na nilijiahidi kwamba kabla sijagonga sitini nitanunua gari mpya kabisa, ile ambayo viti vyake bado vimevaa nailoni, na mwezi wa Februari Mungu akaniwezesha, nikaenda Nairobi kuichukua kwa kampuni yenyewe, nyeupe ya lulu, nikasaini makaratasi ndani chini ya mataa makali, kisha nikaiendesha hadi Nakuru mvua ikinyesha njia nzima, kwa hivyo sikupata nafasi ya kuitazama juani.

Jumapili nikaipeleka kanisani iombewe, kama ilivyo desturi yetu, pasta akapaka boneti mafuta, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapewa kipaza sauti nitoe ushuhuda, na hapo ndipo nilipokosea, Mama Emmy, kwa sababu badala ya kushukuru na kukaa chini nilisema kwamba Mungu amenitoa kwenye mitumba na kwamba wengine humu ndani wataendelea kusukuma vyuma vyao tu, huku nikimtazama shemeji yangu Wanyoike, ndugu yake Rahab, ambaye gari yake ina miaka ishirini na moja. Kisha nikatangaza kwamba bibi harusi wa kwanza kupanda gari hii atakuwa binti yangu Waithera, na kwamba harusi ya nyumba yangu haitabebwa na gari nyingine yoyote. Watu wakasema amina, na jua likatoka. Wanyoike akaizunguka gari mara moja, mikono mgongoni, akasimama upande wa kushoto na kuuliza kwa sauti, "Shemeji, na huu mlango wa nyuma uliutoa wapi?"

Mama Emmy, mlango ulikuwa na weupe wake. Gari ilikuwa nyeupe ya lulu, na mlango ulikuwa mweupe wa maziwa yaliyolala. Na wewe unajua huku kwetu mlango wa rangi tofauti una maana moja tu, kwamba gari iligongwa na ikafichwa, kwa hivyo kabla chai ya kanisa haijaisha ilikuwa imeshasemekana kwamba nimeuziwa gari iliyobingirika kwenye mteremko wa Salgaa nikaambiwa ni mpya.

Nilipiga simu kwa kampuni Jumatatu saa mbili asubuhi. Msichana mmoja anayeitwa Sue akanisikiliza kwa adabu, akabofya kompyuta yake, akaniambia, "Sir, kwa system yetu gari yako iko na rangi moja." Nikamwambia, "Madam, mimi niko hapa nje na gari, iko na mbili." Akasema, "Nimekuelewa sir, lakini system inasema moja." Nikatuma picha, nikajibiwa kwa barua pepe kwamba safari yangu pamoja nao ni ya thamani sana, nikatuma tena, nikaulizwa ningewapa nyota ngapi, nikatuma tena, na baada ya wiki tano wakaleta fundi ambaye aliuangalia mlango kwa dakika mbili bila kuvua miwani ya jua na akaandika kwamba tofauti haionekani. Mwishowe Sue akaniambia rangi mpya huwa hivyo, ikizoea jua itafanana. Hapo nilikasirika, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo sisi wenye maduka huwaambia wateja, mimi mwenyewe huyasema karibu kila wiki, na najua hayana ukweli wowote.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilichukua namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, KW-417, nikaingia nyuma ya duka na kuchanganya yangu mwenyewe kwa rangi ya mafuta, ile tunayouza ya milango ya nyumba, nikaongeza hiki na kupunguza kile, nikaijaribu kwenye kifuniko cha debe ikawa KW-417 yenyewe, nikaupaka mlango nusu ya chini kwa brashi, nikiamini nitawaonyesha wale wa Nairobi kwamba Nakuru kuna watu wanaojua rangi. Ikakauka. Sasa gari ina nyeupe tatu. Nikamwambia Rahab ni fundi wa kampuni aliyeharibu, nikawatumia kampuni picha mpya nikiwalaumu, na Sue, ambaye kwa wiki saba hakuwa ameona kitu chochote kwenye picha zangu, akanipigia baada ya dakika kumi akiuliza, "Sir, hizo brush marks ni za nani?" Waranti ya mlango huo ikafutwa siku hiyohiyo.

Harusi ni Jumamosi tarehe kumi na tatu Juni, ibada ni kanisani kwetu kisha msafara uende Elburgon kwa wazazi wa huyo kijana, na mimi siwezi kuingia Elburgon mbele ya wakwe nikiwa na mlango wa namna hiyo, wataniona mtu wa kuokotaokota. Nilimpigia Waithera simu nikamwambia waahirishe hadi Agosti ili nimalizane na kampuni kwanza, na kama huyo kijana wa Elburgon ana haraka basi anieleze ni ya nini. Binti yangu akasema, "Daddy, mimi nitaenda na gari ya Uncle. Na kama hutakuja, Uncle ndiye atanishika mkono aniingize kanisa." Akakata simu. Leo ni siku ya tisa hashiki simu yangu, na Rahab amehamia chumba cha wageni na blanketi zake zote.

Mama Emmy, sitaki kumpoteza mtoto wangu, ninaye huyo mmoja tu, lakini pia nilitangaza mbele ya kanisa zima, na mlango wa KW-417 ni haki yangu. Je, nimkataze Wanyoike kuleta gari yake? Niende kwa pasta amlazimishe Waithera angoje? Ama kuna mtu unayemjua pale kwa kampuni?

Muiruri, Section 58, Nakuru

Muiruri,

Uliomba usichekwe. Nimelikataa ombi hilo, lakini nimecheka upesi ili tupate muda wa kazi, maana harusi imebakisha siku kumi.

Nianze na kampuni kwa sababu huko una haki. Mtu akinunua gari jipya anatarajia milango yote minne ifahamiane, na fundi anayekagua rangi akiwa na miwani ya jua afaa kukaguliwa yeye macho. Hata hivyo walikuwa wamekosa jibu kwa wiki saba, Muiruri, wiki saba nzima walihangaika kulitafuta, nawe ukawaandikia kwa mkono wako, tena kwa rangi ya milango ya choo. Nani alikutuma?

Na hilo la "ikizoea jua itafanana". Unasema umelitumia kwa wateja karibu kila wiki. Mle Bondeni bila shaka kuna mama aliyenunua kwako debe la pili la rangi ya krimu likakataa kufanana na la kwanza, na mpaka leo anatazama ukuta wake akingoja jua lifanye kazi uliyomwahidi. Wewe umengoja miezi mitatu tu ukaniandikia kurasa nne. Akirudi, mbadilishie debe lake bila maneno.

Kuhusu mlango wako, fanya hivi. Acha kumpigia Sue, kwa maana yule binti hana uwezo wa kubadilisha hata kalenda ya ofisi yao. Mwandikie meneja barua moja ya karatasi, uitie sahihi, na uambatishe picha zilizopigwa siku ile ya maombi. Usiniambie hazipo. Hakuna gari lililowahi kuombewa Nakuru bila kupigwa picha arobaini, na kila moja inaonyesha mlango wenye rangi tofauti kabla hujagusa brashi. Kiri kwenye barua hiyohiyo kwamba nusu ya chini uliipaka wewe, kwa sababu kampuni imejificha nyuma ya uongo wako. Tafuta fundi wa rangi za magari asiyekula kwao, aupime mlango na aandike alichokiona. Wape wiki mbili. Wakinyamaza, wapeleke mahakama ya madai madogo, ambako hakimu hataulizwa atoe nyota ngapi. Lakini hayo yote uyaanze Jumatatu baada ya harusi, na usiyaguse kabla ya hapo.

Sasa tuje kwenye kilichokufanya uniandikie. Nimeisoma barua yako mara mbili. Nimejua namba ya rangi ya gari lako, nimejua umri wa gari la shemeji yako, nimejua mpaka jina la msichana wa simu. Jina la mwanamume anayemwoa binti yako sijaliona popote. Ni "huyo kijana". Nimehuzunika kusoma hivyo, nakwambia kweli, kwani ikiwa mimi mgeni nimeliona, Waithera ameliona mara ngapi? Alikuletea habari ya maisha yake, ukaipanga nyuma ya mlango wa gari. Kumkataza Wanyoike ni upumbavu, na kumtuma pasta ni uoga, kwa hivyo usifanye lolote kati ya hayo.

Leo jioni mwambie Rahab ukweli kuhusu brashi. Anaujua. Mwanamke aliyeishi na muuza rangi miaka yote hiyo haambiwi harufu ya tapentaini imetoka kwa fundi wa Nairobi. Jumapili omba kipaza sauti, kwa kuwa ulijitia aibu hadharani na huwezi kujitoa chumbani. Sema, "Nilimdharau shemeji yangu mbele yenu, naomba msamaha mbele yenu," kisha urudi kuketi kabla hujaongeza neno lingine. Watacheka, nawe uwaache wacheke mpaka watosheke. Siku ya harusi gari lako liende Elburgon na weupe wake wote watatu, libebe mashangazi na sufuria, na bibi harusi apande gari analolitaka mwenyewe.

Na Waithera usimpigie tena. Nenda anakoishi, ubishe hodi, usitaje kampuni wala gari. Mwambie umekosa. Mwulize huyo mchumba wake anaitwa nani kwao, wazazi wake ni watu wa namna gani, na usikilize mpaka amalize. Kisha umwulize kama bado anataka umshike mkono. Akikubali, mshukuru. Akisema mkono ameshampa Wanyoike, sema sawa, vaa suti yako, fika mapema ukae benchi la mbele karibu na mama yake, na akipita mbele yako usimame. Mlango wanaweza kukupa mwingine hata mwaka ujao. Ukikosa kuwa pale Jumamosi hiyo, Muiruri, hakuna ofisi utakayopeleka malalamiko.

Mama Emmy