Mama Mkwe Kakorogea Uji Bomba

Shoga, mume wa mjukuu wangu kanipigia jioni hii, ananong'ona. Sijui nicheke au nilie!

Unayajua yale mabomba ya shaba anayotengeneza mjukuu, yamezibwa huku na huku, ndani utambi wa wavu na maji kidogo. Ukipasha ncha moja, joto linakimbilia ya pili. Yote yalikuwa yamegoma kupitisha joto! Bosi kasema na hili la mwisho likigoma, kazi basi. Mtoto wa watu kalileta nyumbani, kaliweka jikoni, anaogopa hata kulijaribu.

Asubuhi mama mkwe wake kakosa mwiko. Kakorogea uji bomba. BOMBA, shoga!

Hajakoroga hata mara mbili: "Uwiii! Limeniunguza!" Uji ukutani, bomba chini ya kabati.

Unadhani mjukuu kakimbilia mkono wa mkwewe? Thubutu! Kapiga magoti, analitafuta bomba.

"Mama, joto limefika juu upesi hivyo? Hebu shika tena!"

Mama mkwe kamgeukia mwanawe mlangoni: "Nishike tena? Mwanangu, umeoa nini wewe?"

Eti ashike tena, shoga!

Mchana bosi kalipima, likapita. Mjukuu karudi, kalala na viatu. Mama mkwe kalala wa mwisho, mkono mmoja kwenye beseni la maji, mwingine umekumbatia mwiko.