Dada Kemunto, Nimetoka kwa Wateule

Sosiot, kwa mama yake Chepkoech

Kwa dada yangu Kemunto,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini mkono wako umeunga vizuri na kwamba unaweza kuteka maji na kushika jembe tena. Nimeanza na huo mkono kwa sababu sitaki usome barua yote ukijiuliza kama nitautaja. Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na nywele walizoninyoa Wateule zimeota.

Barua ya mwisho uliyopata kwangu ilisema sina dada hapa duniani. Maneno yalikuwa ya Nabii, kiongozi wa Wateule, lakini kalamu niliishika mimi, na hakuna aliyeniwekea kisu shingoni. Watu wa hapa wananionea huruma, wanasema nilirogwa. Hapana. Niliamini, na nataka ujue nilivyofika huko, kwa sababu ulipokuja hukupewa nafasi ya kuuliza.

Unakumbuka ule mwaka wa vita vya makabila, kabla ya uchaguzi wa vyama vingi, Baba alinitumia ujumbe nirudi nyumbani haraka. Barabara zilikuwa zimefungwa. Sisi Wakisii wa kwenye kampu ya chai tulitoroka kila mtu na njia yake. Mimi nilifichwa siku tisa na mama mmoja Mkipsigis ambaye hata jina langu hakulijua. Alinipa ugali na maziwa lala, akaniambia kwamba kwa watu wake hakuna kabila. Watu wake ndio walikuwa Wateule. Nikasema moyoni, kama Mungu yuko upande huu, basi yuko kwa hawa.

Vita vilipotulia nilirudi kuchuma chai, na kila Jumapili nilipanda mlima ng'ambo ya Kapkatet kwenda kuomba nao. Mwanzoni ilikuwa kuimba na kula pamoja, basi. Walikuwa wanaimba vizuri kweli. Halafu Nabii akasema dunia inaisha na tuhamie bomani kwake. Nikaacha kazi, nikahamia. Tulipokwisha kuwa ndani, tukaambiwa hospitali ni kukosa imani na barua za nyumbani ni kamba za shetani. Mtu akiuliza swali, ana pepo wa shaka, na pepo huyo hutolewa kwa fimbo. Siku ya kwanza nilipoona mzee akichapwa, nililia. Mara ya pili niliangalia chini. Mara ya tatu nilikuwa naongoza wimbo ili sauti yake isisikike.

Halafu ukaja wewe, umevaa nguo ya kanisa, umebeba mkate umeufunga kwa gazeti. Nabii aliniuliza mbele ya watu wote huyu ni nani. Nikasema simjui. Akasema, "Kama humjui, haitakuuma kumpiga."

Walikupiga wawili kwanza. Mimi nilikuwa wa tatu. Uliinua mkono kukinga kichwa na fimbo yangu ndiyo iliuvunja, niliusikia ukivunjika. Wewe hukupiga kelele. Ulisema tu, "Moraa, ni mimi."

Wakakutupa barabarani na mkate wako. Siku hiyo Nabii alinisifu, akasema nimeshinda damu yangu mwenyewe, na akanipa kazi ya kulinda lango. Ufunguo niliuvaa shingoni miezi mitano. Sitakudanganya kwamba nilikuwa ninalia kila siku. Nilijivuna.

Sasa nikueleze juu ya Chepkoech. Huyu ni msichana wa hapa Sosiot, aliolewa na mmoja wa walinzi wa Nabii, na mkeka wake ulikuwa karibu na wangu. Alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ya Jumatatu. Mpaka Jumatano mchana mtoto alikuwa hajatoka, na Nabii akakataa apelekwe popote, akasema tufunge kula na kuomba. Wote walikuwa kwenye nyumba ya maombi wakati nilipopeleka maji. Chepkoech alinishika nguo, sauti ilikuwa imemwisha. Akasema, "Moraa, mimi nakufa na wewe uko na ufunguo."

Dada, sikuona maono wala sikusikia sauti kutoka juu. Nilimbeba mgongoni, nikafungua lango, tukatoka.

Mvua ilikuwa imenyesha na kile kiteremko kiliteleza. Tulikuwa tumeingia katikati ya chai wakati walinzi wawili walipotufikia, na mmoja akanipiga rungu kwenye sikio. Nilianguka magoti lakini sikumwachilia. Kwenye shamba la chini kulikuwa na akina mama wanachuma chai. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kisha kwa Kikisii, kisha sijui kwa lugha gani. Waliweka vikapu chini, wakapanda, wakasimama kwenye njia kati yetu na wale wanaume. Walikuwa kama kumi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni kabila gani. Mmoja mzee aliwaambia wale walinzi kwa Kikipsigis kwamba yeye amezaa mara nane, na kama wanataka kupita, waanze na yeye. Wakarudi walikotoka.

Lori la kukusanya majani ya chai lilitupeleka Kapkatet, Chepkoech amelala juu ya magunia. Daktari alimpasua saa hiyo hiyo. Mtoto alitoka jioni wakati ng'ombe wanarudi nyumbani, kwa hiyo anaitwa Cherotich. Analia kwa nguvu sana, na mama yake amepona. Ninapoandika hii barua yuko kwenye mapaja yangu, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mama yake Chepkoech alinichukua nikae kwake. Yeye ndiye alinipeleka polisi, sikio langu likiwa bado na bandeji. Wakaenda bomani, wakavunja milango ya ghala walimofungiwa waliochapwa. Waliokota watu waliovunjika miguu, na yule mzee wa kwanza niliyemlilia walimkuta ameshakufa. Nabii yuko rumande Kericho na kesi itaanza mwezi ujao. Mume wa Chepkoech ametoroka. Wateule waliobaki wametuma ujumbe kwamba nitaungua nikiwa hai. Siwaogopi. Asubuhi ninachuma chai ya huyu mama, jioni ninamsaidia kukamua, na nikipita sokoni napita katikati. Sikio la kushoto halisikii vizuri, basi matusi yao yananifikia nusu.

Polisi aliyeandika maelezo yangu alitaka niwe shahidi. Tulipofika kwenye habari zako aliuliza waliokupiga ni nani. Nikamtajia yule wa kwanza na yule wa pili. Akauliza wa tatu. Nikamwambia, "Ni mimi. Andika."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza polepole kwamba maneno hayo yanaweza kunitoa kwa mashahidi na kuniweka kwa washtakiwa, na kwamba nikitaka kuyarudisha, yeye hajasikia chochote bado. Nikamsogezea kalamu, akaichukua tena. Alipomaliza nilisoma yote, nikatia sahihi.

Kwa hiyo watakuletea karatasi ya kuitwa kortini. Usije kuniombea huruma. Ukija, sema yote, na ukifika kwenye sehemu yangu usiiruke. Kama nitafungwa, nitafungwa nikiwa na akili yangu. Na kama hutaki kuniona, pia ni haki yako, mimi sitakuandikia kukusumbua.

Nisalimie Baba, mwambie goti lake nalikumbuka kwa maombi, yale ya kawaida. Msalimie shemeji aliyekupeleka hospitali siku ile, na shangazi mwenye kibanda cha ndizi sokoni. Mama yake Chepkoech hajui kusoma lakini ameniagiza niandike kwamba kitanda chako kiko tayari na kwamba kutoka hapa mpaka kortini atatembea katikati yetu.

Mdogo wako aliyekuvunja mkono,
Moraa