Kwa Baba, Fundi Baiskeli Aliyefundisha Watu Wazima Kusoma

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke, na tunakuandikia mbio mbio kwa sababu tuna habari ambazo hatuwezi kukaa nazo.

Kwanza tuwaambie wasiokujua. Asubuhi ulikuwa fundi baiskeli. Ikifika saa kumi jioni ulizisogeza baiskeli za watu ukutani, ukajifuta grisi mikononi, na kibanda kikawa darasa la watu wazima wasiojua kusoma. Ubao ulikuwa mlango wenyewe, kwa hiyo mchelewaji akiufungua tu, somo zima linakwenda naye. Malipo hukutaka hata ya soda. Muuza mboga, dobi, mchukuzi wa sokoni, wote uliwapa sharti moja: hupati somo jipya mpaka lile la jana umemfundisha mtu mwingine. "Elimu ukiikalia inachacha," ulikuwa ukisema.

Mwanafunzi mmoja tu alikushinda, naye ni Mama. Miaka kumi na tisa ulimbembeleza, akakujibu yale yale: "Mume na mke mbele ya ubao? Tutagombana, chakula kiungue." Ulicheka, lakini tulijua lilikuwa likikuuma.

Ulipoondoka tulikifunga kibanda. Tusamehe, tulidhani mambo yamekwisha. Wiki ya tatu akabisha hodi yule mchukuzi uliyembandika jina la Kifaru.

"Mama, nimekwama," akasema. "Fundi aliniachia somo la mwisho na sijapata wa kumfundisha. Nyumbani kwangu wote wanajua. Kaa tu hapo, nijifanye nakufundisha."

"Kujifanya tu?"

"Kujifanya tu, Mama."

Mama akakaa, kwa huruma. Kesho yake akakaa tena. Siku ya nne Kifaru akamkumbusha kwamba sharti ni sharti, naye atafute wake. Baba, mama huyu huyu unayemjua alivuka barabara, akamshika muuza maji mkono, akakifungua kibanda, akamwingiza na madumu yake.

Sasa kibanda kimefurika. Wanafunzi ni arobaini na wawili, wengine wanakaa nje juu ya matairi, na kila mmoja ana mtu anayemfundisha mtaani. Tungetamani uione fujo yake.

Juzi Mama alitoa sandukuni kitabu chako cha mahudhurio, akatusomea mwenyewe kwa sauti. Jina la juu kabisa, kila ukurasa, ni lake, na mbele yake mwandiko wako: "Bado hajafika." Miaka yote kumi na tisa. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa mpaka wa mwisho. Kisha akaomba kalamu, akainama, na chini ya mstari wako wa mwisho akaandika: "Nimefika."

Wanaokukumbuka ni mkeo, watoto wako wanne, wakwe zako, wajukuu, Kifaru na darasa zima. Hutatutoka moyoni, Baba, maisha yetu yote.