Jina la Stella

Baba Stella,

Mtori uko jikoni, upashe tu. Ng'ombe hajapewa majani. Mimi nimekwenda Bomang'ombe kwa dada yako.

Asubuhi hii Stella amerudi analia kutoka chuo cha uuguzi alikokwenda kuomba nafasi. Karani alifungua faili akamwambia, "Stella Wenseslaus yupo hapa, mwaka wa pili." Picha ni ya Doris, mtoto wa dada yako. Cheti ni kile cha Stella cha kidato cha nne ulichompa mama yake bila kuniuliza, eti akapige kopi, kisha tukaambiwa kimepotea. Stella alipobisha, karani akamwonya kwamba akirudi tena ataitiwa polisi kwa kutumia jina la mtu mwingine.

~~Usimwambie mama yako.~~ Nimefuta. Mwambie tu, wote wawili ni wajukuu wake.

Sitegemei kitu huko. Doris akikiri atafungwa, dada yako hatakubali, na wewe nakujua, utanyamaza.

Stella yuko chumbani, usimgombeze. Ameniuliza sasa aombe kazi kwa jina gani.

Mama Stella