Mume amehamia sebuleni, eti betri zangu zinanuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena unijibu kama mtu mzima maana maneno ya kubembelezwa nimeyachoka. Mimi nimejijenga mwenyewe, nilianza na betri moja ya gari iliyotupwa nikafika tisa, nazichaji nyumbani na kuzikodisha kwa wenye vipaza sauti na vibanda visivyo na umeme, mtaa mzima unaniita Mama Umeme na sioni kama ni tusi, basi mwizi akaruka ukuta akabeba moja uani, nikasema haitatokea tena, nikaziingiza nane zilizobaki chumbani kwetu, sita chini ya kitanda, mbili zimepandana pembeni yake, dirisha nikaligongomelea misumari, na chaja inaunguruma usiku kucha kwa sababu mchana wateja wanazitaka.

Sasa mume wangu, fundi makochi, mtu aliyekuwa haamki hata paa likiezuliwa, akaanza, mara kichwa kinauma, mara macho yanawasha, mara "Mama watoto, chumba kinanuka mayai viza." Nikamwuliza, "Baba watoto, umenikinai?" Akasema, "Sijakukinai wewe, nimezikinai betri." Mwanamume akisema hivyo, mshauri, ujue kuna jina analolificha. Nikamkuta anang'oa misumari ya dirisha kwa koleo, nikajua kuna mtu anataka kumpa ishara, tukarushiana maneno mpaka jirani akagonga ukuta, halafu nilipowasha dawa ya mbu na kuiweka juu ya betri kama kawaida, maana meza sina tena, akaruka kama aliyeona nyoka, akabeba mto wake akaenda kulala sebuleni kwenye kochi la mteja. Hajarudi mpaka leo.

Nikamwita shangazi yake, nikamwambia wazi kuwa mwanawe ni mzinzi, naye akaingia chumbani, akakohoa, akatoka mbio, akasema, "Mwanangu, hata mimi nisingelala humo." Damu nzito kuliko maji, nilijua tu. Na ushahidi ninao: mashati yake matatu yana vitobo tumboni, kumi na saba kwa jumla, hesabu sikosei, sigara ya nani hiyo na yeye havuti? Eti vilitokea siku alizonisaidia kubeba betri! Upande wake wa kitanda nimemhamishia kitinda mimba wetu wa miaka minne, naye amepata kikohozi cha vumbi, nampa asali. Nauliza jambo moja tu: nifanyeje mume arudi chumbani bila betri kutoka? Nampenda, ila mwizi naye yupo.

Mama Umeme

MSHAURI ANAJIBU

Mama Umeme, pole kwa kuibiwa, na hongera kwa kutoka betri moja hadi tisa, kuna wenye mitaji mikubwa walioshindwa. Pole zimeishia hapo. Kabla hujasoma mstari unaofuata, kamtoe mtoto chumbani humo.

Umerudi? Haya. Mumeo hana mwanamke, ana pua. Betri ikichajiwa hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, na cheche moja inatosha kuilipua. Ikizidishiwa chaji hutoa na hiyo ya mayai viza, nayo ni sumu, tena pua huizoea, ndiyo maana wewe huisikii. Ukapigilia dirisha misumari, ukaweka moto juu ya betri, ukalala! Mwizi alichukua moja. Wewe ungezilipua zote nane, na kitanda, na waliolala juu yake. Vitobo vya mashati ni asidi. Kagua magauni yako unayovaa kazini, utavikuta, na sijui hapo utamshuku nani.

Kikohozi cha mtoto usikipe jina mwenyewe. Mpeleke zahanati leo hii na useme kila kitu, betri zote na mahali alipolala, hata kama utaona aibu. Aibu haiui.

Betri nazo zitoke leo. Fungua mlango kwanza, acha hewa ipite muda mrefu, kisha zima chaja ukutani ndipo uvue vibanio vyake kwenye betri, usije ukapiga cheche. Jenga uani kibanda cha wavu wa chuma chenye paa na kufuli, uzichajie humo: gesi itapita, mwizi hatapita. Zisimame wima juu ya mbao, zisipandane, vichwa vyake vya kushikia waya vifunikwe visigusane na chuma, na mtu asiwashe hata kiberiti karibu. Iliyoisha chaji irudishe haraka kwenye chaja, ikikaa tupu inakufa, na hiyo ni hasara unayoielewa. Vaa glavu za mpira na miwani, wala usiikumbatie betri kama kichanga. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiwa ni jicho, osha muda mrefu kisha hospitali. Na nadhani asidi yako ya kuongezea betri iko kwenye chupa ya soda. Usinijibu. Itafutie chombo chake chenye maandishi, uifungie mbali na mtoto, na unawe mikono kabla ya kumshika, kwani madini ya risasi yaliyomo kwenye betri ni sumu, nayo huingia mwilini kimya kimya.

Sasa mumeo. Alikuwa anafungua dirisha ili mpumue, ukamwita mzinzi mbele ya shangazi yake. Ng'oa misumari iliyobaki dirishani, fua mashuka, acha chumba kipigwe upepo, kisha mwendee pale kwenye kochi la watu umwombe radhi. Kwa maneno, Mama Umeme, si kwa kumwongezea nyama kwenye sahani.