Tarehe Moja kwa Kambi Nne

Baba Mdogo,

Wewe tulikupoteza mwezi wa nne, mvua zikiishia. Mwezi wa sita tukapoteza mizinga mia moja na tatu ya kambi ya mwanao Pius. Imebaki tisa. Nimeihesabu mwenyewe, nikikanyaga majivu na nta iliyoyeyuka.

Zamani, unajua, kila kambi ya warina asali ilikuwa na mkubwa wake. Anashika nyasi, anazivunja, akiona zimekauka nusu anachoma mapema, moto mdogo unaozimika wenyewe, na kiangazi mizinga inapona. Mimi nilitoka machimboni nikiwa nimeona Mzungu mmoja juu, manyapara chini yake, na kazi inakwenda. Chama chetu kilipoanza nikauchora mpango ule kwenye karatasi: mwenyekiti mmoja, na kambi isichome bila ruhusa yake. Mwenyekiti nikawa mimi, niliyeanza na mizinga miwili ya magome uliyonipa.

Nikapanga tarehe moja kwa kambi zote nne. Kwa Pius kuna mawe, nyasi zikawahi kukauka. Alituma mtu kwangu Majengo mara mbili, na mara zote mbili nilijibu, "Mwambie asubiri tarehe." Akasubiri. Moto wa wawindaji ukafika siku nne kabla.

Sasa hili ndilo linaloniinamisha kichwa. Kikaoni walimuuliza kwa nini hakuchoma. Alinitazama. Nikafungua daftari, nikajifanya nasoma. Wamemfukuza chama, Baba Mdogo. Mwanao. Mkewe tukikutana kisimani bado ananisalimia vizuri, na hilo siliwezi kabisa.

Jumapili nitasimama nitaje zile mara mbili mbele ya wote. Pius arudi, kila kambi irudishiwe mkubwa wake, mimi nibaki kupima nta. Hiyo nakuahidi.

Ila na wewe nina neno nawe. Siku ya kura mikono ishirini na tatu iliniunga, kumi na nne ikakataa, Pius akiwa kati ya hao. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wako. Njiani ukaniambia, "Mwanangu, karatasi yako nzuri," ukacheka, basi. Miaka arobaini ya porini, ukanyamaza.

Pumzika, baba. Lakini Jumamosi saa sita mchana nitakuwa mlangoni kwa Pius, na kabla ya hapo nataka jibu: uliuamini ule mpango, au uliona haya kunikatalia mbele ya watu?